Barua kwa mwanangu: London, Delft na mbuzi ya bibi yako

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na mwembe umezaa mpaka matawi yamelalia bati la jirani.

Barua yako mdogo wako alinisomea kwenye simu, kisha nikamwomba aichapishe, nikaisoma mwenyewe mara mbili kwa miwani. Umeniuliza: usome uzamili wa uhandisi mitambo hapo hapo Mlimani, au uombe zile nafasi za usanifu wa bidhaa, ile ya London inayofundishwa na Royal College of Art pamoja na Imperial College, au ile ya chuo kikuu cha ufundi cha Delft, Uholanzi? Na mwisho kabisa ukaongeza: "Baba, watu wasije wakasema nimeacha uhandisi nimekwenda kuchora maua."

Nimelala na hilo la maua tangu Alhamisi.

Ukisema usanifu hapa mtaani kwetu watu wanajua unachora ramani za nyumba. Ukisema ubunifu wanajua unashona magauni. Sina ugomvi nao. Bibi yako, ambaye umebeba jina lake, alikuwa na neno moja tu: fundi. Wa cherehani fundi, wa baiskeli fundi, anayechonga milango fundi, na wale wa mashua pale Pangani mafundi. Hakuwahi kumwuliza fundi mashua kazi yake wapi ni hesabu na wapi ni uzuri. Aliuliza kama inaingiza maji.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuwaeleza nyinyi watoto. Ile mashine iliyokuwa kwa Shangazi Rukia, yenye giya mbili na mpini, mliyokuwa mkiizungusha mkidhani ni ya kusokotea kamba. Niliitengeneza mimi, mwaka 1988. Ni mashine ya kukunia nazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, FTC yangu, cheti cha ufundi sanifu wa mitambo, bado inanukia wino, nafanya kazi kwenye karakana moja hapa Tanga. Mama alikuwa anakuna nazi tatu, nne kila siku Mungu aliyoileta, na mgongo ulishaanza kumsumbua. Nikasema mimi ni mtoto gani, nimesomea mitambo na mama yangu anakalia mbuzi kama bibi zake? Nikachukua giya kubwa ya baiskeli kuukuu, meno 44, na ndogo ya nyuma, meno 18. Ukizungusha mpini mara moja, kichwa kinazunguka karibu mara mbili na nusu. Nikachonga kile kichwa cha chuma kwa tupa jioni saba, jino kwa jino. Nikaifunga kwenye ubao, urefu wa meza, ili mama asiiname tena. Hesabu zangu zilikuwa sawa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nikizirudia mpaka leo ziko sawa.

Nikaipeleka Pangani. Mama akanibusu mikono. Akaita majirani. Akakuna nazi nzima mbele yao, akasema mwanangu ameniletea kiwanda. Nilirudi Tanga siku ile nimekaa juu ya gari la mizigo, na upepo wote wa barabara ile naona ni wa kwangu.

Miezi miwili baadaye nikapata lifti, nikaenda bila taarifa. Nimefika uani nasikia kwaru, kwaru, kwaru. Mama amekaa juu ya mbuzi, sinia mbele yake. Mashine yangu iko pembeni, kapu la mkaa limewekwa juu yake. Aliponiona aliinuka haraka, mama yangu mtu mzima, akaificha ile mbuzi nyuma ya kanga yake. Kisha akaenda kuliondoa lile kapu. "Leo tu, baba," akaniambia. "Leo tu, nazi zenyewe zilikuwa mbovu."

Mwanaidi, sikuumia kwa sababu ya mashine. Niliumia kwa kuwa nilimfanya mama yangu ajifiche kwenye uwanja wake.

Shangazi yako ndiye aliyenipa ukweli, usiku, tukiwa wawili. Kwanza, mkono mmoja unazungusha, mmoja unashika kifuu, na kifuu kinateleza. Pili, kukaa kwenye mbuzi unaikandamiza kwa uzito wako, mikono yote miwili iko kwenye nazi, na vidole vinasikia nyama inapokwisha, vinageuza kabla meno hayajafika kwenye gamba. Kichwa changu kilikuwa hakisikii kitu. Kilikula mpaka gamba, tui likawa na vumbi la kahawia. Nazi ziliruka ukutani zikaliwa na kuku. Na tatu, alilolisema akiangalia chini: cheni ilikuwa na grisi, na wali ulinuka grisi. Wiki nzima walikula wali unaonuka grisi kwa sababu ni mashine ya kaka.

Mgongo wake, kumbe, haukuumizwa na kukuna. Uliumizwa na ndoo za maji. Nami sikuwa nimeuliza.

Ndipo nilipopata neno langu mnalolichoka humu ndani, kaa chini kwanza. Kaa anapokaa mwenye kazi. Mnadhani nalisema kwa sababu ya uzee.

Naona sasa umeshaanza kucheka, unasema baba ameniruhusu London. Subiri. Nimeandika mpaka hapo nikaweka kalamu chini, nikatoka uani, nikaliona geti.

Unalijua kovu la kaka yako Hamisi kwenye muundi. Geti la kwanza, lenye tausi wawili, hulikumbuki, ulikuwa mgongoni. Fundi aliyelitengeneza alikuwa na mkono wa ajabu, kila unyoya wa mkia ameukunja peke yake kwa nondo nyembamba. Watu walikuwa wakisimama njiani kuwaangalia wale tausi. Lakini geti lenyewe lilikuwa la ubao mmoja tu, pana, zito, na amelining'iniza kwa bawaba mbili za mlango wa chumba. Geti likiwa pana namna ile, bawaba ya juu inavutwa mchana na usiku. Ilivutwa miezi mitano. Siku ya sita ya Ramadhani ikang'oka, Hamisi yuko chini yake. Na mimi, mtu wa mitambo, siku geti linafungwa nilisimama pale nikasifia mikia. Sikuhesabu. Hesabu ya dakika kumi.

Kwa hiyo nisikusikie hata siku moja ukisema hesabu ni za watu wasio na moyo. Aliyehesabu bawaba vizuri anampenda mtoto asiyemjua.

Halafu najijibu tena: lakini kuna vitu ambavyo huwezi kuona mshono wake. Liangalie jiko la mkaa la mama yako, lile la bati lenye udongo ndani. Aina ile ilianzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la udongo walilitoa kwenye majiko ya Thailand, wakalipa umbo lao, juu pana, kiuno chembamba, chini pana lisianguke. Udongo uko nusu ya juu tu, pale penye moto, unazuia joto lisitokee ubavuni, na mkaa kidogo unaivisha maharage. Mfinyanzi anachoma chake, fundi bati anakunja chake chini ya jua kali. Sasa niambie, kile kiuno ni uhandisi au ni usanifu? Mimi nimelitazama jiko lile miaka mingi na sijui pa kupitisha msumeno.

Ndiyo maana ile kozi ya London imenigusa. Umesema ni miaka miwili na wanatoa shahada mbili, moja ya kila chuo, na kwamba walianza mwaka 1980. Basi na wao waliona kwamba watu wawili hawa, mhandisi na msanifu, wakikaa vyumba mbalimbali mwisho wake ni grisi kwenye wali. Hiyo ya Delft nayo ni miaka miwili, na umesema wanaichukulia bidhaa nzima, umbo, mtumiaji na jinsi ya kuizalisha. Na hapa nyumbani si jangwa, usidanganyike: lile shirika la serikali, TEMDO, liko Arusha tangu miaka hiyo hiyo ya 1980, na usanifu wa mitambo ndiyo kazi lililoundiwa. Na uhandisi mitambo wa Mlimani ni mzito, wewe mwenyewe umeupitia, ukiongeza miaka mingine utajua mambo ya metali na mitetemo ambayo mimi niliyasikia kwa mbali tu. Nawaonea wivu wanaoyajua.

Mama yako amenikataza kukuchagulia. Amesema, "Ulimchagulia mama yako mashine." Ameniweza. Nimeandika sentensi moja hapa, nimeikata kwa wino, usiishike kwenye taa kujaribu kuisoma. Ila hao wasanifu ukienda kwao, mwulize mwalimu wako nani atakukagua bawaba. Na ukibaki Mlimani, mwulize wa huko nani atakupeleka kukaa uani kwa mtu. Atakayeshindwa kujibu, mwogope. Hilo mama yako hakulikataza.

Habari ya ada tutaizungumza ukija Idi. Shamba la machungwa la Muheza sikuliuza mwaka ule, na nilikuwa na sababu.

Umesema London wanataka uwapelekee kazi ulizowahi kutengeneza, na kwamba huna ila michoro ya darasani. Nimekwenda Pangani Ijumaa. Shangazi yako amenipa mbuzi ya bibi, ile ile. Nimeifunga kwenye gunia, nampa kondakta wa basi la asubuhi Jumanne, jina lako na namba yako nimeandika kwa rangi juu ya gunia. Nunua nazi tano. Mguu mmoja unacheza na chuma kimelegea kidogo upande wa kushoto. Usikaze kitu kabla hujaikalia.

Baba yako.