Mnauliza nchi, mimi nauliza nani anavuka

Swali lenu la juma hili: wanamuziki wawili wa nchi mbili wanaweza kudumu pamoja? Mfano mliotupa ni The Kills, Alison Mosshart wa Florida na Jamie Hince wa Uingereza. Nililisoma hapa Mtwara nikasema moyoni, hawa wahariri hawajawahi kumsubiri mtu Kilambo, kwenye kivuko cha mpakani mto Ruvuma.

Jibu langu lilikuwa hapana. Watu wa ng'ambo hawadumu. Nilipiga kinanda miaka mitatu na mpiga gitaa wa Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Mmakonde kama mimi, ila yeye akiudhika alitukana kwa Kireno. Aliniita mjomba, nami nikamwita mjomba. Mpiga ngoma hatukuwa naye, midundo ilitoka kwenye kinanda. Hata The Kills walianza hivyo hivyo, ngoma zao zikipigwa na mashine. Mashine haidai posho wala hailewi uraka.

Ila inataka umeme. Msimu mmoja wa korosho, watu wameshalipwa, tulialikwa harusini kijiji kimoja njia ya Nanyamba. Saa nne usiku, bibi harusi ndiyo kwanza anaingizwa, jenereta likakohoa, likazima. Nikabaki nabonyeza vitufe kama mtu anayeamsha maiti. Mwenzangu hata hakunitazama. Aliweka gitaa ukutani, akaomba dumu la maji la lita 20. Akalipiga kofi, akasikiliza. Akamwaga maji kidogo, akapiga tena. Akamwaga tena. Lilipomridhisha akakaa kitako, akalibana kwa magoti na kuanza. Akina mama walimzunguka, vigelegele, noti zikabandikwa kwenye jasho la paji lake. Mzee mmoja akanikabidhi tochi nimmulikie mwenzangu. Nikammulikia, saa nzima, mkono unakufa ganzi.

Asubuhi tuligawana. Nikadai nusu ya zile tunzo pia, kwa hoja kwamba kinanda ni changu. Kinanda ambacho kilikuwa kimelala! Hakubisha. Alikunja zake, akamalizia ming'oko ya jana, akapanda gari la Kilambo. Baada ya hapo alirudi mara mbili tu. Nusu yangu nilinunulia adapta.

Sasa tumtazame huyo Mosshart. Alikuwa ziarani na bendi yake ya zamani, Discount, akamsikia Hince akipiga gitaa ghorofa ya juu ya pale alipofikia London. Wakawa wanatumiana kanda kuvuka Atlantiki, mwisho akahamia kwa Hince huko huko London. Albamu ya kwanza ikatoka 2003, na God Games ikatoka 2023. Hapo katikati Hince alibanwa kidole na mlango wa gari, kidole kikafa, ikabidi ajifunze gitaa upya. Mosshart naye aliimba na bendi nyingine, The Dead Weather, na bado alirudi. Basi wanadumu, sina ubishi.

Na mimi je? Miaka mitatu sikuvuka Ruvuma hata siku moja. Yeye ndiye aliyesubiri maji yajae, yeye ndiye aliyelala kwenye mkeka sebuleni kwangu. Kwa mama yake huko Palma sijui hata mlango unaelekea wapi. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, nilipiga namba yake ya zamani, haikupatikana. Baadaye muuza samaki mmoja akaniambia amemwona Pemba, ile ya Msumbiji, siyo ya karafuu. Sijaifuatilia habari hiyo, na hilo nalo ni langu.

Kwa hiyo andikeni ndiyo, wanaweza. Lakini The Kills msiwafanye kipimo cha kila mtu, maana mwenye pasi ya Marekani au ya Uingereza haulizwi yale tunayoulizwa sisi mtoni. Na yale niliyosema juu kuhusu watu wa ng'ambo msiyafute. Niliyaamini nilipoanza kuandika.