Mbona naletewa siasa za upande mmoja tu?

Ndugu, unasema tangu ubishane na mtu kwenye maoni ya mtandao wa kijamii, ukurasa wako umejaa siasa za upande usioupenda kabisa. Kilichozileta ni ubishi wenyewe. Mfumo wa mtandao unaokuchagulia machapisho hauoni kwamba ulikasirika. Unaona ulisimama, ukasoma, ukajibu, kisha ukarudi mara tatu kuchungulia umejibiwa nini. Kwake hiyo ni hamu, basi unakuongezea.

Mwaka 2017 Facebook iliipa alama ya uso wa hasira uzito mara tano ya laiki, na machapisho ya uchochezi yakapanda juu. Mwaka 2020 uzito huo ulishushwa hadi sifuri, lakini kujibu na kusambaza bado vinahesabiwa.

Kwa hiyo usimjibu tena, hata kwa kumsahihisha (najua inauma kuuacha uongo upite). Bonyeza vidoti vitatu pembeni mwa chapisho, useme hulitaki. Halafu tafuta sehemu inayoonyesha unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda. Mitandao mingi inayo ila imefichwa, na programu nyingine hukurudisha kulekule ukiifungua upya, kwa hiyo ikague kila mara. Habari za uchaguzi zifuate mwenyewe kwenye tovuti za magazeti, tena ya pande zote mbili.