Kwa vijana mnaoanza kupeleka wageni Lengai na Ngorongoro: haya ya volkano lazima mtaulizwa

Wadogo zangu mliotoka chuo juzi na mnaanza kuongoza wageni huku kaskazini mwa Tanzania, wanyama mnawajua, ndege mnawataja mpaka kwa Kilatini, ila tukifika kwenye milima wengi mnarudia zile aina tatu za shuleni, hai, iliyolala, iliyokufa, mgeni akichimba kidogo tu mmekwama. Mimi nawaambia shikeni swali moja: magma ya mlima huu, yaani mwamba ulioyeyuka ulio ndani yake, ni nzito au nyepesi, na gesi yake inatokaje? Ukilijibu hilo mengine yanajileta yenyewe.

Angalia jikoni. Maji ya chai yanachemka, mapovu yanapanda yanapasuka, basi. Ugali unaotokota mvuke unakosa njia, unajikusanya chini, alafu pwata, umekurukia mkononi. Magma yenye silika nyingi, yale madini yaliyo kwenye mchanga na kioo, ni nzito, inabana gesi mpaka mlima unalipuka na kurusha majivu na mawe, yenye silika kidogo inatiririka tu.

Atakuuliza pia magma inatoka wapi, na hapo tafadhali usimwambie chini yetu kuna bahari ya moto. Kule chini ni mwamba, wa moto kweli lakini mgumu, kwa sababu umegandamizwa na uzito wote ulio juu yake. Sasa Bonde la Ufa linavutwa huku na huku, ganda la dunia linakonda, mgandamizo unapungua, na mwamba unaanza kuyeyuka hata kama joto halijaongezeka, alafu kile kilichoyeyuka, kwa kuwa uzito wake ni mdogo kuliko mwamba unaokizunguka, kinapanda kwenye nyufa. Ndo maana tuna Lengai, Kerimasi, Ngorongoro, Meru na Kilimanjaro zote upande huu wa nchi.

Lengai ndo kiboko yao. Lava yake, yaani magma ikishatoka nje, karibu haina silika kabisa, ni kaboneti za sodiamu na potasiamu, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, wakati lava ya kawaida ya basalti inapita 1,100, kwa hiyo mchana utaiona nyeusi, laini, inateleza kama oili chafu ya gari, usiku ndo unaona wekundu hafifu. Ikipata unyevu wa hewani inaanza kubadilika rangi, ndani ya masaa au siku inakuwa nyeupe kama chokaa. Wageni wakiwa barabara ya Ziwa Natron wanaona weupe kule juu wanapiga picha wakidhani theluji, mwache apige kwanza ndo umweleze, hatasahau.

Ila lava kuwa nyepesi hakumaanishi mlima ni mpole, hapo msijidanganye. Mwangalie Nyiragongo, volkano ya kule Goma, Kongo, lava yake nyepesi sana, na mwaka 1977 ziwa la lava la kileleni lilitoka kupitia nyufa za ubavuni likashuka kwa kasi ambayo watu hawakuweza kuikimbia. Mwaka 2002 lava ikapita katikati ya mji ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege mpaka ikaingia Ziwa Kivu, na 2021 ikarudi tena. Na watu wa kule wanakufa hata siku ambazo mlima umetulia, manake kuna mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksaidi inayotuama mabondeni, haina rangi wala harufu. Lengai nayo ina aina mbili za magma ndani yake, hii nyepesi na nyingine yenye silika, zikikutana mambo yanabadilika, na 2007 hadi 2008 ilirusha majivu juu kilometa kadhaa. Kreta, lile shimo la kileleni, iliyokuwa imejaa lava mpaka wazee wa kazi wanatembea humo ndani ikageuka shimo lenye kuta wima. Kwa hiyo ukifika juu mgeni wako anabaki kwenye ukingo, hata akikuonyesha picha za zamani za watu wamesimama ndani.

Kuhusu Ngorongoro sitasema mengi, jueni tu kwamba lile bonde la kilometa kama 20 kwa upana halikuchimbwa na mlipuko. Mlima mkubwa ulitoa magma yake, chini pakabaki patupu, kilele kikadidimia, kama miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Kinachowavutia wageni zaidi ni majivu yalifanya nini. Ukiwa Ndutu, kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti, waambie washuke wachimbe kidogo na kisigino, watakutana na tabaka gumu kama saruji. Ni majivu ya milima hii, mvua imeyeyusha chokaa ikaishusha ikaganda chini, mizizi ya miti haipiti, ndo maana pale ni nyasi fupi tupu, na nyasi hizo zina madini ambayo nyumbu wanaonyonyesha wanayahitaji, ndo wanakuja kuzalia pale Januari mpaka Machi. Madini hayohayo ya volkano yana upande mwingine lakini, floraidi kwenye maji ya chini ya Meru ndo imewapa watu wengi wa Arusha meno ya kahawia, na mgeni akimuuliza dereva wako kuhusu meno yake mjibie wewe haraka kabla hajajisikia vibaya.

Mwisho watauliza, italipuka lini tena? Usitaje tarehe, hakuna anayejua. Waeleze dalili: mitetemo, ardhi kuvimba, gesi kubadilika. Julai 2007 kulikuwa na mitetemo upande wa Gelai, mlima jirani wa Lengai, ikasikika mpaka Nairobi, Septemba Lengai ikalipuka. Kwa hiyo mkiwa kambini Engare Sero, kijiji cha chini ya Lengai, mkasikia ardhi inatikisika mara kwa mara, safari ya kupanda mlima usiku huo ifute, na ukimrudishia mgeni hela yake atalalamika kidogo tu.