Usingoje kualikwa: mtafiti wa Pwani na senario za tabianchi

Vijana wengi wanaosomea mambo ya bahari na mazingira hapa Mombasa huniuliza swali moja, ati hizi senario za mabadiliko ya tabianchi tunazoziweka kwenye tasnifu zetu, SSP sijui namba ngapi, zatengenezwa na nani na sisi twaingilia wapi? Senario ni picha ya vile mambo yanavyoweza kwenda huko mbele, na SSP (Shared Socioeconomic Pathways) ni seti yake inayotumiwa dunia nzima. Ni swali zuri sana kwa sababu watu wengi wazichukua kama amri iliyoshuka kutoka Geneva, wadaunlodi data, wachora ramani ya mafuriko ya kisiwa, wapita mtihani, basi imeisha hiyo. Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka sasa na ushauri wangu ni huu: mlango uko wazi kuliko watu wanavyodhani, lakini ukiingia mikono mitupu hakuna atakayekusikiza.

Kwanza ujue historia kidogo manake ndiyo yenye kukupa nguvu ya kusema. Zamani IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wenyewe ndio waliokuwa wakiagiza senario zitengenezwe, zile za mwaka 2000 zilitoka hivyo. Halafu 2006, kwenye kikao chao cha Port Louis, Mauritius, bahari yetu hii hii, wakaamua kwamba hawatatengeneza tena, kazi hiyo iachiwe jamii ya watafiti na wao watasaidia tu kuichochea. Kwa hivyo hizi SSP tano hazina mwenyewe mmoja, ni kazi ya watafiti waliokubaliana kujipanga, na wewe mwenye digrii yako na data yako kutoka Tudor ama Gazi u mtafiti vilevile. Namba tano zile ni simulizi tano za vile dunia inavyoweza kwenda: ya kwanza dunia inashika njia ya kujali mazingira, ya pili mambo yanaendelea vivi hivi, ya tatu nchi zinakorofishana kila mtu na lake, ya nne tofauti ya tajiri na maskini inazidi kupanuka, na ya tano ni maendeleo ya mbio yanayoendeshwa na makaa na mafuta. Juu ya simulizi ndipo wanapopachika kiasi cha joto linaloongezwa na gesi, ile 2.6 ama 4.5 ama 8.5, ambazo ni wati kwa kila mita mraba ifikapo 2100.

Na kitu hiki hakijakaa kimya. Mwaka 2019 watafiti walikutana Denver, 2022 wakakutana Laxenburg kule Austria, na katikati hapo, 2020, ukatoka waraka uliokubali wazi kwamba senario hizi lazima zifae zaidi kwa maeneo madogo na kwamba zataka kusasishwa. Makadirio ya idadi ya watu na uchumi yameshafanyiwa marekebisho, na kwa awamu mpya ya modeli za tabianchi za dunia, CMIP7, wametengeneza seti mpya ya senario ambayo ile ya juu kabisa imeteremka chini ya 8.5 ya zamani, sababu moja ikiwa umeme wa jua na upepo umekuwa rahisi. Kwa hivyo tafadhali, kama bado waandika kwenye pendekezo lako kwamba 8.5 ndiyo hali ya kawaida tukiendelea hivi tulivyo, acha. Itumie kupima hatari ya mwisho kabisa na useme hivyo.

Sasa, tuje kwa la muhimu. Makadirio ya msingi ya SSP hukupa Kenya nzima. Watu wangapi, wasomi wangapi, mjini wangapi. Hayakwambii lolote kuhusu kaunti ya Mombasa yenye watu 1,208,333 kwenye sensa ya 2019, wala nani ana ardhi ya ufukweni. Na hapo ndipo mtu wa hapa ana kitu cha kuleta.

Nilikuwa kwenye kikao kimoja na watu wa diko, pale samaki wanaposhushwa, upande wa Kisauni: wavuvi, mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, na vijana wenye mashine za boti, tumetandika karatasi ya manila kwenye mkeka. Sikuanza na grafu ya hewa ya kaboni. Niliwauliza tu, ni nini kitakachokufanya uiache kazi hii kabla ya 2050? Mzee mmoja akanitazama akasema, "Mwanangu, nyinyi mwatuambia bahari itakuja juu. Sawa. Itakapokuja itatukuta wapi, na ukuta ushatutoa?" Manake njia yao ya kushukia baharini imebanwa na ukuta wa ploti hadi mashua mbili hazipishani. Mama mmoja wa karanga akadakia, "Samaki wangu hawauzwi na bahari, wauzwa na hii njia. Mvua ikiiziba, hata wakijaa pomoni ntawala mimi na wanangu." Wallahi mimi kichwa kilifunguka siku hiyo, kwa sababu ripoti ya IPCC ya 2021 ishatupa bahari, itapanda kati ya mita 0.28 na 0.55 ifikapo 2100 kwenye senario ya chini kabisa na kati ya 0.63 na 1.01 kwenye SSP5-8.5, yaani simulizi ya tano na ile 8.5, hizo ni wastani wa dunia, lakini lile la ukuta na lile la njia halimo kwenye modeli yoyote na ndilo litakaloamua nani aumie.

Basi tukachukua simulizi za dunia tukaziteremsha pale mkekani. Kwenye ile ya kwanza wakasema diko limeandikishwa kuwa ardhi ya umma, lina barafu, mikoko inalindwa na wanaoilinda wanalipwa, na mfano si wa mbali, Mikoko Pamoja ya Gazi, mradi wa kijiji wa kuuza kaboni ya mikoko, ulianza 2013. Kwenye ile ya nne wenye pesa wana kuta za mawe, na maji ya bamvua yakigonga ukuta yanahamia kwa jirani asiye nao. Kwenye ya tatu mafuta ya mashine hayanunuliki na kila kijiji chafukuza wageni kwenye maji yake. Hawakuhitaji kufundishwa, walihitaji kuulizwa tu.

Kikao kama hicho kina adabu zake. Usiitishe siku maji ni mazuri ya kuvua, muulize mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kwanza, na Ijumaa adhuhuri usijaribu. Pesa ya nauli na ya kufidia siku iliyopotea iwe kwenye bajeti tangu mwanzo, si ya kubembelezana mwisho. Wape mama karanga kikao chao peke yao pia, manake mbele ya wenye mashua kuna mambo hawatayasema.

Afu yaandike. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kazi nzuri yabaki kwenye simu ya mtu. IPCC hupima kazi iliyochapishwa, ingawa ripoti isiyo ya jarida pia yakubalika mradi ipatikane na mtu aweze kuisoma. Kwa hivyo kama jarida ni ghali ama lachukua muda, iweke ripoti yako Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, ni bure na unapewa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi yako, siku hiyo hiyo. Data ya kiasi cha samaki ambayo BMU nyingi huandika kila siku, ukipewa ruhusa yao, ukiipanga vizuri kwenye jedwali, ina thamani kuliko kurasa nyingi za malalamiko.

Kuhusu kutoa maoni. Rasimu za IPCC zikifunguliwa kukaguliwa, mtaalamu yeyote anaweza kujiandikisha, unajaza mwenyewe eneo lako la ujuzi, hakuna kualikwa wala barua ya mkubwa. Fomu yao yataka sura, ukurasa, mstari, kisha maoni yako, na kila maoni waandishi wanalazimika kuyajibu, na baadaye maoni na majibu yanawekwa hadharani. Ripoti ile ya 2021 ilipata maoni 78,007. Wewe kati ya hayo utasikika vipi? Usiandike "Afrika imesahauliwa." Ni kweli, lakini mwandishi hana cha kubadilisha pale. Andika, sentensi hii kwenye mstari huu yachukulia kwamba watu wa pwani watahama bahari ikipanda, ushahidi wa pwani ya Kenya waonyesha wanaondolewa na umiliki wa ardhi kabla ya maji, marejeo haya hapa, napendekeza isomeke hivi. Mwandishi atabidi ajibu hoja yako, si hisia yako. Na ile rasimu ni siri mpaka itoke, usiipige picha ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp.

Karatasi za senario zenyewe pia zapita kwenye majarida yenye mjadala wa wazi, kama Geoscientific Model Development, ambapo mapendekezo ya CMIP7 yalijadiliwa, na mtafiti yeyote aweza kuacha maoni kwa jina lake. Nasisitiza hili kwa sababu najua tiketi na viza ya kwenda kwenye mikutano Ulaya ni mtihani, wenzetu wangapi wamekosa nafasi kwa ajili ya karatasi tu, na inaniuma. Lakini hili lataka laptopu na bando.

Na usifanye peke yako. Ripoti maalum ya IPCC kuhusu miji yatarajiwa 2027 na zile kubwa za awamu ya saba zitafuata. Kusanyikeni watano sita, kutoka TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa), Chuo cha Pwani, KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi), hata wa kaunti wakikubali, mgawane sura, huyu mafuriko na mitaro, huyu makaazi ya Jomvu na Changamwe, huyu bandari, huyu uvuvi, mkutane jioni moja msomeane maoni kabla ya kutuma. Majibu yakitoka, yale yaliyokubaliwa na yale yaliyokataliwa na sababu zake, yatafsirini kwa Kiswahili cha kueleweka mkawasomee watu wa diko, kwa sababu wao ndio watakaowaambia kama jibu la mwandishi lina maana ama mtume tena kwa raundi inayofuata.