Barua kwa mwanangu: watoto, hema na maziwa ya Mlima Kenya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa mama yako naye akausoma. Unauliza kama mnaweza kutoka Mombasa Agosti hii, shule zikifungwa, mkabeba hema na kulala kando ya Ziwa Michaelson usiku mbili, na kama yule mdogo wa miaka sita ataweza. Michaelson hapana, si safari hii. Lakini lipo ziwa linalomfaa, na dada yake huenda akaliona hilo la juu.

Ratiba uliyonitumia umeipanga kwa kilomita na saa za kutembea. Mlima huu hupangwa kwa mahali pa kulala. Mchana mtoto anaweza kupanda juu, akacheza, akashuka salama; kinachomtesa ni usiku. Enzi zetu za kubebea wageni mizigo tulikuwa tukiona majitu ya vifua vipana yakitapika alfajiri kwa sababu ya haraka ya jana, na mwenzao mkonda aliyekuwa akikokota miguu nyuma ameketi anakunywa uji. Nyinyi mnatoka usawa wa bahari. Ukishapita mita 3,000, kila usiku usizidi ule uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi. Michaelson liko karibu mita 4,000, nawe umewaandikia walale huko usiku unaofuata baada ya lango la hifadhi, ambalo liko chini ya mita 3,000. Hesabu hiyo haiingii.

Basi njooni nyumbani kwanza. Laleni hapa Chogoria usiku mbili, watoto wafukuze kuku. Kisha mpande langoni, nako mlale usiku mbili kwenye mabanda badala ya hema, miili izoee. Baada ya hapo ndiyo Ziwa Ellis, mita 3,400 na ushei, na hema likisimama hapo lisihamishwe tena mpaka siku ya kurudi. Watoto hawachoshwi na kutembea kama wanavyochoshwa na kufungua na kufunga mizigo kila asubuhi, na mumeo, baba yao, ndivyo alivyo pia, usimwambie nimesema.

Mkiwa njiani kutoka Chuka mtavuka daraja la Nithi. Mwambie dereva apunguze mwendo (daraja lenyewe unalijua lilivyomaliza watu), watoto wauone mto. Maji yale yanatoka Michaelson. Yanashuka Bonde la Gorges, yanaanguka kwenye maporomoko yasiyo mbali na mwisho wa barabara ya magari, kisha yanakuja kupita chini yenu pale. Mtoto akijua anaufuata mto hadi unakozaliwa, hakuulizi kila dakika tano kama mmefika.

Kutoka langoni kwenda juu gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linaweza kupunguza safari, lakini mkubwa na atembee. Yule mdogo atembee akitaka, na mwendo wake ndio uwe mwendo wa wote. Begi lake lisizidi kilo mbili: koti la mvua, boshori, maji, njugu. Usimbebeshe mfuko wa kulalia, atauchukia mlima.

Ellis lenyewe ni ziwa pana, limezungukwa na majani ya mbuga ya juu, na samaki wa trauti wamo. Amkeni mapema. Saa kumi na mbili na nusu mara nyingi mbingu iko wazi na mnaviona vilele vya Batian na Nelion; ikifika saa nne au tano ukungu unapanda, hamwoni kitu. Asubuhi hiyohiyo watafute mimea ya lobelia, zile fupi zilizokaa kama kabichi kubwa ardhini. Katikati ya majani yake huwa na maji, na usiku wa baridi kali maji hayo huganda juu. Mtoto huingiza vidole taratibu akatoa kipande cha barafu cha duara, chembamba kama kioo, kikamyeyukia mkononi. Chini ya barafu maji hayajaganda, ndiyo yanayokinga kichipukizi cha mmea. Waambie wagawane lobelia moja, wasiharibu zote.

Siku ya pili Ellis, kama dada yake hana kichwa kuuma wala kichefuchefu, aondoke alfajiri na baba yake na kiongozi, wapande ule mgongo wa mlima unaotazama Bonde la Gorges. Saa tano na nusu wageuke, popote walipofika, hata kama Michaelson limebaki nyuma ya kona moja. Hilo mkubaliane jioni kabla, mbele ya mtoto, maana kule juu baba yake hatakubali kugeuka.

Mdogo mchunguze kwa kula na kucheza. Mtoto wa umri huo hajui kusema kichwa kinauma. Anakataa chakula, analialia, hataki kuinuka. Ukiona hivyo msipande hatua nyingine. Akizidi, mnashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na kwa sababu hiyo gari lisiende mbali.

Chakula: maharage makavu yaache. Kule juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, utamaliza gesi na maharage bado mawe. Mama yako atachemsha githeri, mahindi na maharage, hapa nyumbani. Beba unga wa uji, mayai ya kuchemsha, nduma, chai ya tangawizi. Moto wa kuni msahau. Moto uliozuka Machi 2012 uliteketeza eneo kubwa la mlima huu. Chupa za maji za plastiki za kutupa pia haziruhusiwi hifadhini tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua za chuma.

Jinzi zibaki Mombasa. Zikilowa hazikauki, na mtoto aliyelowa hupoa upesi kuliko wewe. Kila mmoja awe na nguo kavu za kulalia ambazo hazivaliwi mchana, hata akililia.

Ada za hifadhi zinalipwa mtandaoni kupitia eCitizen ya serikali, kwa hiyo malizeni mkiwa bado mna mtandao. Kiongozi na wa kubeba mizigo niachie mimi, nawajua vijana wasio na haraka. Nitumie tarehe kabla ya mwisho wa mwezi niwawekee nafasi, na uniambie yule mdogo anavaa viatu namba ngapi, kuna jozi ya binamu yake hapa inaweza kumtosha akivaa soksi mbili.

Baba yako