Kila Jumamosi tumbo linamuuma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume alitimiza miaka 11 Novemba iliyopita. Tulimwandikisha kituo cha soka hapa Morogoro na ada tunalipa kila mwezi. Tangu Machi anakaa benchi, akiingizwa ni dakika tano za mwisho. Baba yake husimama pembeni ya uwanja akimfokea, na wakirudi na pikipiki humsema njia nzima. Sasa kila Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma. Nikisema nimtoe, baba yake anajibu kwamba ushindani ndio unaomkomaza mtoto, na kwamba wenzetu Ulaya wanaanza mapema. Nifanyeje?
Mama Mshambuliaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mpeleke kituo cha afya wampime, maana minyoo nayo ipo. Lakini tumbo linaloamka Jumamosi na kupona mechi ikishaisha nimeliona mara nyingi mno. Nimefundisha shule ya msingi miaka 27, na mingi kati ya hiyo nimeandaa wasichana wa netiboli kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania.

Nilipofika kwenye neno Novemba niliirudia barua yako. Vituo vingi huwapanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1 Januari. Maana yake mwanao anagombea namba na mtoto aliyemtangulia kwa miezi kumi. Kwa watu wazima miezi kumi si kitu. Kwenye umri huo ni mabega, ni kasi, ni kuuelewa mchezo. Huko Kanada, katika miaka ya 1980, watafiti walikagua tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa hoki ya barafu wa ngazi ya juu, wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka ni wengi kuliko wa miezi ya mwisho. Baadaye jambo hilohilo lilionekana kwenye soka la vijana nchi nyingi. Mkubwa huchaguliwa kwa sababu ni mkubwa, hupewa dakika nyingi, kocha humwelekeza zaidi, na baada ya misimu miwili anakuwa kweli amemzidi mwenzake. Mdogo naye anaambiwa hana kipaji.

Nalisema hili nikiwa nimelitenda. Nilikuwa na binti mdogo wa umbo, darasa la tano. Nilimpeleka kambini kama mchezaji wa akiba. Kila usiku alilaza sketi yake chini ya godoro ili ikae na mikunjo yake, na kila asubuhi aliivaa akaja kusimama karibu yangu. Sikumwingiza hata mechi moja, kwa kuwa nilitaka kombe. Alishika ndoo ya maji na nguo za wenzake, na sketi ikarudi nyumbani safi kama ilivyotoka. Mwaka uliofuata hakuja mazoezini. Nilikutana naye akiwa kidato cha tatu, amenipita kwa kimo, mikono mirefu ya mfungaji. Nikamuuliza anacheza wapi siku hizi. Akasema, "Mimi si mchezaji, Mwalimu." Kauli ile niliipanda mwenyewe kichwani mwake, na bado inaniuma.

Kuhusu Ulaya, mwambie mwenzio habari za Norway. Tangu 1987 nchi hiyo ina kanuni za michezo ya watoto: hakuna ubingwa wa taifa kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 13, na kabla ya 11 hawapangwi kwenye msimamo wa ligi. Watoto hucheza tu. Nchi hiyo ya watu milioni tano na kidogo iliongoza kwa medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2018, ikapata 39, na mwaka 2022 ikaongoza tena kwa dhahabu 16. Kwa hiyo kuchelewesha makombe hakukuwalemaza.

Sasa usimtoe bado. Mchunguze siku za katikati ya wiki. Je, jioni anatoka kwenda kucheza chandimu na wenzake? Kule hakuna kocha. Wanagawana timu wenyewe, wanaweka mawe mawili kuwa goli, wanabishana kama mpira umepita juu au umeingia, wanapatana, wanaendelea. Mtoto anajifunza mengi kwenye ubishi ule kuliko kwenye kelele za mzazi. Kama anacheza mpaka magharibi na kurudi na vumbi magotini, basi soka bado analipenda, kinachomuumiza ni benchi na pikipiki. Kama hata chandimu ameacha, mpumzishe, na asidaiwe ada iliyopotea.

Akiwa bado anacheza, nenda kwa kocha wewe mwenyewe, siku ya mazoezi, si siku ya mechi wakati kichwa chake kimepata moto. Muulize jambo moja: je, kila mtoto anaweza kupata walau kipindi kimoja? Akikubali, mshukuru. Akikuambia timu itafungwa, tafuteni kituo kingine, au arudi kwenye timu ya shule.

Na baba yake, ambaye naamini anampenda sana mtoto huyu, mwombe Jumamosi tatu tu. Uwanjani apige makofi bila kutoa maelekezo. Njiani asiizungumzie mechi mpaka mtoto aianze mwenyewe. Wasimame wanunue muwa, wale, warudi. Kisha niandikie unieleze tumbo la Jumamosi ya nne likoje.