Kupaka Rangi Kalipa za Breki: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga, si mbali na bahari, na gari langu ni Toyota Vitz lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Hivi karibuni nimeliwekea rimu za spoti zenye matundu makubwa, na sasa kalipa za mbele (vile vishikio vya chuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi) zinaonekana wazi zikiwa zimejaa kutu. Fundi mmoja wa mtaani amenishauri nizipake rangi ya mafuta ileile inayopakwa mageti, tena bila kuvua tairi. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, na nitumie rangi gani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kazi unaiweza, lakini mashauri yote mawili ya fundi huyo yaache. Rangi ya mafuta ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili ya joto, na kalipa inakaa mahali penye joto kuliko karibu sehemu nyingine yoyote iliyo nje ya injini na ekzosi, kwa sababu kila unapokanyaga breki, mwendo wa gari hugeuka joto pale pedi zinapobana diski. Rangi ya geti hapo hubadilika rangi, hupasuka na kubanduka, na mafuta ya breki yakiidondokea huivua mara moja. Tafuta rangi iliyoandikwa kuwa ni ya kalipa, ambayo kwa kawaida hustahimili nyuzi 200 hadi 300 za Sentigredi, au ukiikosa, rangi ya injini yenye kiwango cha takriban nyuzi 260. Wauzaji wengine watakupa rangi ya ekzosi inayotajwa kufika nyuzi 600. Nyingi kati ya hizo hazikomai mpaka zipashwe moto mkali, na kabla ya hapo huchubuka kirahisi.

Kutu unayoiona haipunguzi nguvu ya breki. Kalipa ya gari kama lako ni chuma cha kusubu, na hewa ya chumvi hukivisha koti jekundu ambalo linachukiza macho tu. Kutu ya kuogopwa ni ile usiyoiona ukiwa umesimama kando ya gari, yaani kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake na kwenye vijia ambamo ncha za pedi husogea. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, faida kubwa ya kazi hii ni kwamba itakulazimisha kuvua tairi na kuitazama breki kwa karibu. Tazama unene wa pedi, tazama mpira wa breki (bomba la mpira linaloleta mafuta ya breki kwenye kalipa) kama una nyufa, na tazama kifuniko cha mpira kinachozunguka pistoni (kipande kinachosukuma pedi) kama kimepasuka. Ukikuta kimojawapo kimeharibika, weka rangi pembeni mpaka kirekebishwe.

Egesha gari kwenye sakafu ngumu na tambarare, vuta hendibreki, weka kabari nyuma ya tairi za nyuma, na ulegeze nati kabla ya kuinua gari. Baada ya kuliinua, lipumzishe juu ya stendi za chuma za kubebea gari. Jeki peke yake haitoshi, na tofali la saruji ambalo mafundi wengi hulitumia hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa maana linafika mapafuni, na pedi za zamani zilichanganywa na asbesto. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, ulifute kwa tambara la kutupa, nawe uwe umevaa barakoa. Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya na umalizie kwa msasa, kwanza wa namba 80, halafu wa 120, mpaka chuma kiwe kigumu chini ya kidole na kisiache unga. Safisha tena kwa dawa hiyohiyo. Petroli hushambulia mipira na ni hatari ya moto. Mafuta ya taa huacha utando ambao rangi haitashika juu yake.

Huna haja ya kufungua mpira wa breki, na ukiufungua utalazimika kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Iwapo utaifungua kalipa boliti zake ili uifikie upande wa nyuma, ining'inize kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwenye mpira wake, na pasiwe na mtu wa kukanyaga pedali, maana pistoni inaweza kuchomoka. Kwa anayeanza, ningeshauri kalipa ibaki mahali pake na rangi ipakwe kwa brashi ndogo. Rangi ya kupuliza hutoka na umbo zuri zaidi, lakini huruka na kutua kusikotakiwa, ilhali kosa la brashi unaliona likija.

Funika kwa tepu ya karatasi diski yote, pedi, pini na mipira yake, pistoni, mpira wa breki na nipo (kijiskrubu kwenye kalipa) ya kutolea upepo. Kuna sehemu moja ambayo wengi huisahau, nayo ni uso wa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) unaogusana na rimu. Tabaka la rangi likibaki hapo, hujibana polepole baada ya tairi kufungwa, na nati ulizokuwa umezikaza sawasawa zinalegea zenyewe ukiwa barabarani.

Tanga ina unyevu mwingi, kwa hiyo chagua wakati. Kanuni ya wapakaji wa vyuma ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa mtu asiye na vipimo, maana yake ni kuanza umande ukiwa umekwisha kukauka, yapata saa nne asubuhi, chini ya kivuli. Paka matabaka mawili au matatu membamba, ukifuata muda ulioandikwa kwenye mkebe, na gari lilale siku nzima kabla ya kuliendesha. Ondoa tepu zote, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba (kwa Toyota ndogo nyingi kipimo cha kukaza ni nyutoni mita 103), kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke, ukijaribu breki kwa mwendo mdogo kwanza.

Kuhusu rangi yenyewe, chagua uipendayo. Porsche hutumia kalipa za njano kuonyesha kuwa diski ni za kauri, lakini kwenye Vitz njano ni njano tu.

SWALI: Nimezipaka kalipa zangu kwa rangi ya kupuliza bila kufungua kitu. Tangu hapo gari linavuta upande wa kushoto ninapofunga breki, na tairi ya mbele kushoto inatoa joto na harufu ya kuungua. Je, ni rangi inayokauka?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Harufu ya rangi inayokomaa hupotea baada ya safari chache, na haivuti usukani. Dalili zako zinaonyesha kuwa pedi za kushoto haziachii diski, na kwa kuwa zimeanza baada ya kupuliza, yamkini rangi imeingia kwenye pini au kwenye vijia vya pedi ikaziganda. Usiliendeshe gari mpaka fundi azitoe pedi, akwangue rangi yote hapo, asafishe pini na kuzipaka grisi ya silikoni inayofaa breki. Mwambie mapema asitumie grisi ya kawaida, kwa kuwa huivimbisha mipira ya pini, na utarudi gereji na tatizo lilelile.

SWALI: Kalipa zangu nilizipaka nyekundu. Baada ya kuteremka Kitonga nikielekea Dar es Salaam, zimegeuka kahawia. Je, nilinunua rangi bandia?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Huenda, lakini kwanza chunguza ulivyoteremka. Anayekanyaga breki mfululizo kwenye mteremko ule mrefu anaweza kuzidisha joto kuliko kiwango cha rangi iliyo halali kabisa, na kinachotia hofu zaidi ni mafuta yaliyo ndani ya kalipa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu, na yakishakuwa na maji kiwango chake cha chini cha kuchemka kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Kama hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili, yabadilishe sasa, kabla hujanunua mkebe mwingine wa rangi, na safari ijayo weka gia ya chini tangu juu ya mlima ili injini ndiyo ilizuie gari.